Mikono Mitupu Langoni: Walinda Mlango wa Zamani na Zana Zao

Kiswahili kina majina matatu kwa mtu mmoja anayesimama mbele ya nyavu. La kwanza ni golikipa, neno lililotoka kwa Waingereza likavishwa kanzu ya kwetu. La pili ni kipa, mkato wa lile la kwanza, jina la kuitana viwanjani. La tatu ni mlinda mlango, na hilo ndilo lenye picha ndani yake: pana mlango, na pana mtu aliyeachwa peke yake aulinde, kana kwamba nyuma yake wamelala watoto na imehifadhiwa mali ya urithi. Wenzake kumi wana ruhusa ya kukosea, wakacheka, wakarudi mbio. Yeye akikosea, kosa lake huhesabiwa hapo hapo na kuandikwa ubaoni.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika historia ya kandanda ya Afrika Mashariki, mlinda mlango ndiye mnyonge ambaye haki yake imecheleweshwa. Mfungaji huacha nyuma yake tarakimu. Mlinda mlango aliyefanya kazi yake vizuri kabisa huacha sifuri, na sifuri haina simulizi. Hakuna daftari la zamani lililoandika ni mipira mingapi ilizuiwa, wala ni vidole vingapi vilivunjika katika kuizuia.

Chukua mfano wa mwaka 1979. Kila Mtanzania mpenda soka, aliyezaliwa wakati huo au baadaye, amesikia khabari za Peter Tino na bao lake la mjini Ndola, Agosti 26, lililoipa Taifa Stars sare ya 1–1 na Zambia na tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika. Lakini sare ile ilitosha kwa sababu moja tu: majuma mawili nyuma, Dar es Salaam, Tanzania ilikuwa imeshinda 1–0. Nusu ya safari ya Lagos ilibebwa na ile sifuri ya Zambia. Bao la Ndola lina mwenyewe na limetiwa katika hadithi. Sifuri ya Dar es Salaam haina mwenyewe katika vinywa vya watu.

Walinda mlango waliokwenda Nigeria na kikosi kile, Machi 1980, walikuwa Juma Pondamali na Athumani Mambosasa. Tanzania ilifungwa na wenyeji 3–1, ikafungwa na Misri 2–1, ikatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast. Mabao sita katika mechi tatu, dhidi ya wakubwa wa bara zima, si aibu. Hata hivyo ndiyo tarakimu pekee waliyoachiwa. Mambosasa alikwisha kuonja hali hiyo kabla. Mwaka 1974 alikuwa golikipa wa Simba iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa kwa mikwaju ya penalti na Mehalla El Kubra ya Misri. Dakika mia moja na themanini hazikuwatenganisha. Kilichowatenganisha ni ule mchezo mdogo ndani ya mchezo mkubwa, ambao mtu mmoja husimama mbele ya hukumu, na akishindwa husemwa yeye, na akishinda husemwa bahati.

Majina haya yaliwafikiaje watu wa mbali na bahari? Lupembe imo katika Wilaya ya Njombe, mashariki ya mji wa Njombe, kwenye ukingo wa nyanda za juu unaoporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Ni nchi ya Wabena, nchi ya chai, ya ukungu, na ya mianzi inayotoa ulanzi. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake humfanya mtu wa pwani aulize kama bado yumo Tanzania. Njia kuu ya dunia kuingia huko ilipita Makambako, pale ambapo barabara ya Zambia huachana na barabara ya Songea, na ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliweka stesheni. Gazeti la Uhuru, Mzalendo, na baadaye Mfanyakazi yalifika kwa njia hizo, aghalabu yakiwa yamekwisha chelewa, na picha za wachezaji zikiwa na wino uliofifia.

Hapa msomaji wa visiwani hana budi kukumbuka tofauti moja kubwa. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1974, tena ya rangi. Tanzania Bara ilingoja mpaka miaka ya 1990. Kwa miaka ishirini, basi, kijana wa Unguja angeweza kumwona golikipa akiruka, lakini kijana wa Lupembe alimsikia tu. Alimsikia katika Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio ya betri iliyowekwa dirishani ili ikamate mawimbi, kwa sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary. Upande wa Kenya ilikuwapo sauti ya Leonard Mambo Mbotela. Watu hawa walifanya kazi ambayo washairi wanaijua vizuri: kumwonesha msikilizaji kisichokuwapo mbele yake.

Lugha yao haikuwa ya kubahatisha. Kudaka ni kuushika mpira ukashikika. Kupangua ni kuupiga kwa kiganja au ngumi ukaenda pengine. Kuutema ni kuushika kisha ukaponyoka, na neno hilo lina ukali wake, kwani mtu hutema kilichokwisha kuwa kinywani. Kutoka ni kuacha mstari na kumfuata mshambuliaji. Kupotea njia ni kutoka kisha mpira ukapita juu ya kichwa. Vitenzi vitano hivi vilikuwa skuli nzima ya ulinda mlango kwa vijana ambao hawakuwahi kumwona mwalimu. Kijana aliyesikia kwamba Pondamali ameruka na kupangua hakujua mguu upi alianzia, wala mkono upi ulitangulia. Alijua kitenzi, na mwili wake ukatafuta maana ya kitenzi kile katika tope la uwanja wa kijiji. Kwa hiyo mitindo ya makipa wa nyanda za juu ilizaliwa na maneno kabla haijazaliwa na picha.

Uwanja wenyewe ulikuwa na masharti yake. Miti ya goli katika vijiji vya huko ilitoka palepale: mianzi, mikaratusi au miwati, ile miti ya magome iliyoenezwa Njombe na kampuni ya TANWAT tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwamba wa juu, ukiwa wa mwanzi, ulipinda katikati. Palipokosekana mwamba ilifungwa kamba, na palipokosekana kamba ilibaki hewa, na ubishi. Nyavu zilikuwa anasa. Ugomvi mwingi wa mechi za kombe la mbuzi ulitokana na nyavu hizo zisizokuwapo: mpira umepita ndani au nje, chini au juu? Shahidi wa karibu kuliko wote ni mlinda mlango, naye ndiye shahidi asiyeaminiwa.

Tena kuna mvua. Lupembe hunyeshewa kuanzia Novemba hadi Mei, na mbele ya goli, pale kipa anaposimama, nyasi ndizo za kwanza kufa. Hubaki shimo, na shimo hujaa maji. Sheria ya kandanda husema mpira uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Haisemi utakuwa na uzito gani baada ya saa moja ya mvua. Mpira wa ngozi wa zamani, uliotiwa blada ndani na kufungwa kwa kamba mdomoni, ulikunywa maji kama sifongo. Ukija kwa nguvu uligonga vidole kama jiwe lililoviringishwa ngozi, na fundo la kamba likichana kiganja. Mpira wa kwanza wa Kombe la Dunia kutengenezwa bila ngozi halisi ulikuwa ule wa Mexico, mwaka 1986. Vijijini ngozi ilidumu zaidi, ikashonwa na kushonwa tena, mpaka ikawa na umbo la yai. Na chini ya ngozi katika ngazi ya mahitaji palikuwa na chandimu, mpira wa matambara na nailoni uliosokotwa kwa kamba, ambao haudundi, lakini humfundisha kipa jambo moja la maana: kutouamini mpira mpaka uwe kifuani.

Kipa wa namna hiyo aliukabili mpira kwa mikono mitupu, na kwa muda mrefu hali haikuwa tofauti sana hata kwa wakubwa wa dunia. Amadeo Carrizo wa River Plate, huko Argentina, anakumbukwa miongoni mwa waliotangulia kuvaa glovu Amerika ya Kusini. Gordon Banks wa Uingereza alicheza Mexico mwaka 1970 kwa glovu nyepesi za kitambaa, na alikuwa na desturi ya kujipaka viganjani utelezi wa ubani wa kutafuna ili mpira ugande. Ni katika miaka ya 1970 ndipo Mjerumani Sepp Maier alipozizoesha dunia glovu kubwa kama za mwokaji mikate, na viwanda vya Ujerumani vikaanza kubandika mpira laini wa utomvu kwenye viganja.

Badiliko hilo halikuwa la vazi tu. Mikono mitupu haiwezi kuusimamisha mpira mzito mbali na mwili. Lazima uingizwe tumboni, mabega yaukunjie, magoti yafuate. Ndiyo sababu makipa wa zamani walionekana wakiukumbatia mpira kama mzazi anayempokea mtoto. Glovu yenye utomvu huushika mpira kwa ncha za vidole, mikono ikiwa imenyooka, na huipa ngumi ujasiri wa kupangua mbele ya umati. Anayewacheka makipa wa zamani kwa kujikunja sana na adakie mpira wa ngozi uliolowa, bila glovu, jioni moja ya Aprili.

Kwenye nchi ya baridi kama Lupembe, kitu cha mkononi kilihitajika kwa sababu mbili: mpira, na ganzi. Yaliyowezekana ndiyo yaliyotumika: soksi zilizovutwa mkononi, glovu za pamba za kazi, au glovu za sufi za watu wa Ulaya zilizokuja katika marobota ya mitumba. Sufi kavu hushika vizuri. Sufi iliyolowa huteleza kama samaki. Kipa mwenye akili alizivaa mpaka mvua ianze, akazivua, akazichomeka kiunoni. Magotini alifunga vitambaa. Njumu, ambazo vijana wa mjini waliziita madaluga, zilipopatikana jozi moja kwa timu nzima, mara nyingi hazikufika langoni, walipewa wafungaji.

Jezi nayo ina historia. Zamani golikipa alivaa rangi ile ile ya wenzake. Mwaka 1909 sheria za Uingereza zikamtaka avae rangi ya peke yake ili mwamuzi amtambue, na mwaka 1912 zikamkataza kuushika mpira nje ya eneo lake la adhabu. Tangu hapo akawa mtu wa pembeni kwa sheria na kwa rangi. Mrusi Lev Yashin alilifanya vazi jeusi kuwa sehemu ya kitisho chake, na mwaka 1963 akapewa Mpira wa Dhahabu wa Ulaya, tuzo ambayo hakuna golikipa mwingine aliyeipata. Thomas N'Kono wa Kameruni, mchezaji bora wa Afrika mwaka 1979 na 1982, alivaa suruali ndefu langoni hata penye joto. Kwa kipa wa Lupembe suruali ndefu na sweta la sufi havikuhitaji kuigwa kwa mtu: ni mavazi ya kila siku.

Zana iliyozua maneno mengi kuliko zote, hata hivyo, ni kofia. Robert Mensah, golikipa wa Asante Kotoko ya Ghana, hakutengana na kofia yake. Januari 1971 Kotoko walikwenda Kinshasa kukutana na TP Englebert ya Lubumbashi katika marudiano ya fainali ya Klabu Bingwa, wakashinda 2–1 na kutwaa kombe. Kofia ile ilitazamwa na wengi kama hirizi, na ikazungumzwa kuliko mikono iliyokuwa chini yake. Mensah hakuishi kuufurahia umaarufu huo: Novemba mwaka ule ule alichomwa kwa chupa iliyovunjika katika ugomvi wa baa, mjini Tema, akafa. Jina lake halikufa. Juma Pondamali wa Tanzania alijulikana kwa lakabu ya Mensah, na kwa redio jina hilo likasafiri kutoka Pwani ya Magharibi mpaka kwenye mashamba ya chai. Hivi ndivyo walinda mlango wanavyorithiana: hawaachiani mabao, huachiana majina.

Na upande wa pili wa uwanja ule wa Kinshasa alikuwapo Kazadi Mwamba, golikipa wa Englebert na wa taifa lake. Alikuwa miongoni mwa mabingwa wa Afrika wa mwaka 1968 na wa 1974. Juni 18, 1974, mjini Gelsenkirchen, katika Kombe la Dunia, Zaire ilikuwa imekwisha fungwa mabao matatu na Yugoslavia katika dakika ishirini za kwanza alipotolewa na mahali pake akaingia Tubilandu, mtu mfupi wa kimo. Mechi ilikwisha 9–0. Aliyemtoa alikuwa kocha Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alipata kuwa golikipa wa Yugoslavia na mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960. Mabingwa wawili wa Afrika wanakumbukwa na dunia kwa dakika ishirini. Kama kuna dhulma ya kumbukumbu, ndiyo hii.

Pwani ilibahatika zaidi. Mahmoud Abbas, mwana wa Mombasa aliyeilindia AFC Leopards na Harambee Stars, aliitwa Kenya One, nambari ya jezi ikageuka kuwa cheo cha heshima. Zama zake ndizo zama za Kenya kutwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo: 1981 mjini Dar es Salaam kwa kuifunga Tanzania 1–0, 1982 Kampala kwa penalti dhidi ya Uganda, na 1983 Nairobi kwa kuifunga Zimbabwe 1–0. Tazama tena tarakimu hizo: fainali mbili kati ya tatu ziliamuliwa na sifuri, na ya tatu na mikwaju. Ni nadra sana kwa taifa kumshukuru golikipa kwa jina, Kenya ilimshukuru.

Tanzania nayo ilikuja kuwa na Tanzania One wake. Mohamed Mwameja alikuwa mlinda mlango mkuu wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Walikwenda Abidjan, wakatoka 0–0 na Stella. Kisha Dar es Salaam, mbele ya watu wao, wakafungwa 2–0. Sifuri ya Abidjan, kazi ngumu iliyofanywa ugenini, ikafutwa na jioni moja nyumbani. Miaka kumi baadaye, 2003, mlango ulifunguka upande mwingine: Juma Kaseja alisimama Cairo katika mikwaju ya penalti, na Simba ikawatoa Zamalek waliokuwa mabingwa wa Afrika. Kocha wa Simba siku ile alikuwa James Siang'a, aliyekuwa golikipa wa Kenya katika miaka ya 1970, kizazi cha mipira mizito na glovu chache. Mwanafunzi alishika kwa glovu za kisasa, lakini mwenye kumwelekeza alijua mpira unavyouma.

Katikati ya hayo sheria nayo ilibadilika. Tangu 1992 golikipa hana ruhusa ya kuushika mpira anaorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Mtu aliyeambiwa karne nzima kwamba yeye ni mikono akatakiwa ghafla awe na miguu. Vijijini, ambako kipa mara nyingi ni yule aliyeonekana hawezi kucheza ndani, badiliko hilo liliwatoa wengine langoni na kuwaingiza wengine.

Msimu wa 2017/18 Njombe ilipata kuwa na timu katika Ligi Kuu, Njombe Mji, na wakubwa wa Dar es Salaam wakalazimika kupanda mpaka uwanja wa Sabasaba kucheza katika baridi. Timu ilishuka mwisho wa msimu. Lakini kwa mwaka ule mmoja, watu wa nyanda hizo waliwaona kwa macho walinda mlango ambao zamani wangewasikia tu. Glovu zenye utomvu sasa huuzwa hata minadani, nyingine zimechoka, na kijana hutazama katika simu namna kipa wa Ulaya anavyopanga miguu. Amepata mengi. Kilichopungua ni ile haja ya kumtafuta golikipa ndani ya neno.

Mshairi wa Kihispania Rafael Alberti, mwaka 1928, alimtungia shairi Platko, golikipa wa Hungaria aliyeilinda Barcelona katika fainali huku kichwa kikiwa kimefungwa bendeji baada ya kuumizwa. Hakumtungia mfungaji. Mshairi alitambua kwamba mlinda mlango ni mtu wa tanzia, hata siku ya ushindi. Washairi wetu wa Pwani, wenye mapokeo marefu ya kuwasifu mashujaa na kuwalilia waliokwenda, wana deni hapa, na deni hilo halina budi kuanza kulipwa kwa kazi ya kawaida kabisa: kuuliza. Katika kila kijiji cha Njombe, kama katika kila mtaa wa Unguja, Lamu na Mombasa, yupo mzee ambaye kidole chake cha mwisho hakinyooki. Ukimuuliza alikiumiza wapi atataja uwanja, atataja mwaka, atataja nani alipiga. Kisha, akiona unasikiliza kweli, ataeleza kwamba mpira ule haukuingia.